Pikapu ya Marehemu Wilbert

Tucson, Arizona
2 Oktoba 2011

Shemeji yangu Reino,

Pokea salamu kutoka kwenye jua. Mimi mzima, binti yangu Janet mzima, wajukuu wanaongezeka kilo na kupungua adabu, na mume wa Janet bado anatafuta kazi inayolingana na heshima yake, kwa hiyo yupo nyumbani tu. Viola hajambo? Mwambie nimepata iliki nzuri kwenye duka la Wameksiko, nitamtumia kwa ajili ya mikate yake. Mwambie pia aache kuwatangazia watu kanisani kwamba nimehamia huku kuota jua. Nimekuja kulea. Jua nimelikuta.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii. Mara ya mwisho nilikuuliza hali ya pikapu, ukanijibu kwamba viazi vimekubali mwaka huu. Nilivifurahia viazi. Sasa nauliza kwa maandishi, vaa miwani: umebadilisha paipu za breki?

Sikuulizi kama umezitazama. Kutazama hata kuku anatazama. Nauliza kama zimetolewa zote, kuanzia mbele mpaka nyuma, zikawekwa mpya. Pikapu ile ina miaka kumi na sita, na kila majira ya baridi inakula chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyushia barafu. Huku nimeona magari yenye umri wa Janet, ukichungulia chini chuma ni kikavu na safi kama sahani. Juzi nilichuchumaa sokoni kuchungulia gari la mtu, mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia nimepoteza miaka arobaini na saba huko Michigan.

Ulipoichukua pikapu ya marehemu mume wangu Wilbert ulisema ni ya kumpeleka Viola mjini Hancock kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mara tatu kwa wiki mnateremka mlima wa Heikki, mkeo akiwa na figo mbili zisizofanya kazi na wewe na masikio mawili ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo usiniletee habari za viazi.

Nijibu.
Elma


Salo, Michigan
21 Oktoba 2011

Shemeji Elma,

Barua imefika, miwani nimevaa, salamu nimezisoma mpaka ile ya mlinzi wa sokoni. Sisi hatujambo. Theluji ya kwanza imeanguka juzi ikaona aibu ikaondoka. Viola anakusalimu. Wauguzi wanasema ni mgonjwa pekee anayefungwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne na bado anapata nguvu ya kuisema kahawa yao. Iliki haijafika. Nadhani nayo inaota jua.

Kuhusu pikapu. Jumamosi iliyopita, kabla ya kuoga mvuke wa sauna, niliipandisha kwenye magogo nikaipaka oili chafu chini kote, kisha nikaipeleka ile njia ya vumbi ya shamba la Kangas, kwenda na kurudi, mpaka vumbi likagandia oili vizuri. Baba alifanya hivyo kila Oktoba, kaka Wilbert akafanya, na mimi nimefanya. Sasa ina koti zito kuliko langu. Kutu itapita wapi?

Breki zinashika. Nikikanyaga gari linasimama, na kwa elimu yangu ndogo hiyo ndiyo kazi yake. Jimbo letu halikagui magari ya watu, linatuamini. Watu milioni kumi wanaaminiwa na serikali yao, ila mimi sina imani ya shemeji yangu aliyeko jangwani maili elfu mbili.

Habari nyingine: sanduku la barua la Hulda Salmi limeanguka. Upepo.

Viola anasema uvae kofia.
Reino


Tucson
9 Novemba 2011

Shemeji Reino,

Sisi wazima, huku joto limeshuka, watu wamevaa makoti kwa hali ambayo wewe ungevua shati. Iliki iliondoka tarehe tano. Poleni na upepo.

Hulda Salmi naye ameniandikia. Anasema upepo ulikuja Jumapili baada ya ibada, una rangi ya bluu na namba za usajili. Ulitokea upande wa kanisani, ukafika njia panda yake bila kupunguza mwendo, ukapita na sanduku la barua, ukaenda kusimama katikati ya miti yake ya rasiberi. Anasema Viola alikuwa kiti cha mbele na pochi mapajani. Na anasema wewe ulishuka ukamsifia rasiberi. Mwezi wa kumi, Reino. Hazikuwa hata na majani.

Sasa nisikilize. Nimekasirika na sitaki kufanya utani mstari huu mmoja. Njia panda ya Hulda ni tambarare. Ingekuwa Jumatatu asubuhi, breki hizo hizo zingekuachia kwenye mlima wa Heikki, na chini ya mlima kuna ile kona ambayo moyo wa Wilbert ulimsimama, Februari ijayo itatimia miaka miwili. Unaijua kona ile, wewe ndiye uliyemtoa garini. Unataka tumtoe na Viola palepale, ili tusisumbuke kutafuta mahali papya pa kulilia?

Haya, utani umerudi. Peleka pikapu kwa Duane Perala. Ana gereji, ana vyuma vya kupinda paipu, ana mikono miwili, na Mungu akipenda ana akili. Kama unaona haya mbele ya wanaume wenzako, waambie ni amri ya mjane. Wajane tunaogopwa.

Elma


Salo
6 Desemba 2011

Shemeji Elma,

Samahani kwa kuchelewa. Ulikuwa msimu wa kuwinda kulungu, na kulungu hawamsubiri mtu amalize barua. Sikupata. Arne Kokko amepata mmoja, mdogo kiasi kwamba tulimuuliza kama mama yake anajua yuko wapi. Iliki imefika, Viola ameoka, nyumba nzima inanukia, na nimeambiwa nikushukuru kabla sijaanza kukujibu ovyo. Ahsante.

Haya, upepo ulikuwa ni mimi. Sanduku nimemjengea lingine, zuri kuliko la kwanza, na ninaweza kukuambia kwamba Hulda alikuwa akililalamikia lile la zamani tangu mwaka tisini na nane. Viola hakusema nami siku mbili. Wakati mwingine ningeufurahia ukimya huo, safari hii sikuufurahia.

Paipu ilikuwa imeoza sehemu moja, urefu wa kidole, juu ya ekseli ya nyuma. Nimekata palipooza, nimetia kipande kipya na kiungio cha shaba, nimekaza, nimetoa upepo kwenye breki. Imekwisha. Usinitajie Duane. Unaujua mkahawa wa Irja. Mwanaume wa Salo akipeleka gari gereji kwa ajili ya paipu ya breki, Jumapili wanamuuliza kama Duane anamfunga hadi kamba za viatu. Arne alipeleka lake mwaka elfu mbili na sita, mpaka leo akiingia wanamvutia kiti kama bibi harusi.

Halafu kuna jambo nataka kukuuliza, kwa kuwa wewe ni mkaguzi mkuu wa magari wa Arizona. Nilipokwangua lile koti la oili na vumbi nilikuta viungio vingine vitatu, vya zamani. Vitatu, shemeji. Kwenye pikapu ya Wilbert wako, yule unayenisomea risala za sifa zake, yule fundi makini ambaye hakuwahi kuacha spana kwenye mvua. Mbona yeye hukumwandikia barua? Mlikuwa mkilala chumba kimoja, hata stempu usingehitaji.

Ulijua kwamba anaunga-unga?

Reino


Tucson
17 Februari 2012

Shemeji Reino,

Nimechelewa mimi safari hii. Tu wazima. Mume wa Janet alipata kazi, ikadumu siku tisa, nasikia kosa ni la kazi. Hulda ameniandikia kwamba Viola amekonda. Mpe supu ya samaki ya maziwa, ile ya mama yenu, na umwambie nimeagiza mimi, maana akidhani ni wazo lako hatakula.

Uliniuliza kama nilijua. Swali lako nimekaa nalo wiki kumi. Nilianza barua nne, zote za kejeli, nzuri sana, moja ilinichekesha hata mimi. Nimezichana. Juzi ilitimia miaka miwili. Nikaona nife na siri kwa faida ya nani?

Moyo wa Wilbert ulisimama, ndiyo. Daktari aliandika moyo na hakudanganya. Lakini yule mzee Lester aliyekuja kuiburuta pikapu aliniita pembeni kabla wengine hawajafika. Akanionyesha theluji. Palikuwa na mstari wa mafuta ya breki, mwembamba, wa kahawia, kuanzia juu kabisa kwenye geti la kanisa, unateremka na mlima wote mpaka kwenye kona. Mumeo alikuwa hana breki tangu juu, akaniambia. Mlima mzima, Reino. Kama moyo wake ulisimama, ulisimama ukijua unakokwenda.

Nikamwomba Lester anyamaze. Akachukua koleo akaufukia ule mstari kwa theluji, na mwaka jana amekwenda na siri hiyo kaburini, Mungu amrehemu. Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu kufa kwa moyo hakuchekwi kwenye mkahawa wa Irja. Kwa sababu Wilbert alitengeneza magari ya kijiji kizima, na sikutaka wamzike kama mtu aliyeuawa na kazi yake mwenyewe. Wiki ile ile alikuwa ameniambia pedali imelegea. Nilimwambia aende kwa Duane, akasema atamaliza Jumamosi. Sikumsukuma. Nilikuwa naangalia televisheni.

Kisha kwenye mazishi ukasimama mbele ya watu wote, ukasema unaiomba pikapu ya kaka yako. Nilitaka kukataa. Lakini ningekataa ningeulizwa sababu, na sababu nilikuwa nimeshaifukia. Nikasema chukua. Ikaburutwa mpaka uani kwako. Nikajidanganya kwamba wewe nawe ni fundi, utalala chini yake, utaona mwenyewe, utaweka paipu mpya. Halafu nikakimbilia kwenye jua.

Mimi ndiye niliyekukabidhi wewe na Viola gari lililomuua Wilbert, na nikatia funguo kwenye bahasha yenye picha ya maua. Maswali yangu yote ya paipu ni woga wa mtu aliyefanya hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio kilikuja, nikajifungia nacho ndani.

Sasa unajua. Nitukane unavyotaka, ila kwanza ulitoe gari lile barabarani.

Elma


Salo
5 Machi 2012

Elma,

Viola anakula ile supu. Nilimwambia ni agizo lako.

Barua yako niliisoma nimekaa ndani ya pikapu, mbele ya posta, Jumatano, Viola akinisubiri nimpeleke Hancock. Niliizima injini nikatembea kwa miguu mpaka kwa Hulda kumwomba ampeleke yeye. Tangu siku hiyo ndiye anayempeleka, maili ishirini kwa saa, na msururu wa magari nyuma yao mpaka kanisani. Nadhani ndivyo anavyolipiza kisasi cha sanduku.

Sikutukani. Ulichofukia wewe mimi nilikuwa nakijua kabla yako.

Jumamosi ile kabla hajafa, Wilbert alikuja kwangu mchana. Pedali imelegea kweli. Tukaingia chini wote wawili, tukaona paipu inayokwenda nyuma inatoa jasho. Alikuwa amekuja na paipu mpya nzima, nyuma ya gari, imefungwa kwa kamba. Alitaka tuitoe yote. Ilikuwa kazi ya mpaka jioni. Na mimi nilikuwa nimewasha sauna, mawe yameshapata moto, kaka zake Viola na wake zao wako njiani. Nikamwambia maneno haya, nayakumbuka kama yalivyo: "Paipu nzima ya nini? Tukate hapa tuunge, sauna imeshaiva." Akacheka. Akaniachia spana.

Nilikata mimi, nikaunga mimi, nikakaza mimi. Viungio vitatu nilivyokuandikia, viwili ndivyo vyake, vya siku nyingi, na havikuwahi kuachia. Cha tatu ni changu. Nilipokuuliza kama ulijua, sikuwa nakuchokoza, nilitaka kujua unajua kiasi gani. Huo ndio uungwana wa shemeji yako.

Niliiomba pikapu mbele ya jeneza ili mtu mwingine asilale chini yake. Ikafika uani, nikaingia chini siku ileile, nikakuta kiungio kimechomoka kwenye paipu, maana nilikuwa nimekaza juu ya kutu. Ningekuwa mtu, ningezitoa zote wakati ule. Nilikirudisha palepale, nikakikaza upya, nikapaka oili mpaka kisionekane. Miaka miwili nimemteremsha mke wangu mlima wa Heikki juu ya kiungio hicho, mara tatu kwa wiki. Nadhani nilitaka kishike. Nilitaka niwe na mtu wa kumwonyesha kwamba, unaona, kimeshika. Kubadilisha zote ilikuwa lazima nikitoe, nikishike mkononi, na sikuweza.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilimwambia Duane aje aiburute. Mchana kweupe, mbele ya mkahawa, wanaume wote dirishani. Ilipofika gereji nilikitoa kiungio mimi mwenyewe, kisha nikamwachia yeye mengine. Amezitoa zote. Nyingine zilikatikia mikononi mwake kama biskuti. Ameweka za shaba na nikeli, hazishiki kutu, anasema zitatuzika sote.

Nikaenda mkahawani nikakiweka kiungio mezani, katikati ya vikombe. Nikawaambia Wilbert hakufa kwa moyo, alikufa kwa hiki, na nani alikitia. Sikukuomba ruhusa kwanza. Ningekuomba ningepata wiki mbili za kusubiri jibu, na katika wiki mbili ningeshapata sababu ya kunyamaza. Hakuna aliyecheka. Arne Kokko akasogeza kiti akaniambia, "Kaa, Reino." Sikukaa. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Viola.

Hajanisamehe. Ananipikia, lakini anapika kama anavyompikia mchungaji.

Wewe sikuombi kitu.
Reino


Tucson
29 Machi 2012

Reino,

Sisi wazima. Mume wa Janet anafundishwa kuendesha basi la shule, tuwaombee watoto.

Umemvua Wilbert nguo mkahawani kabla hujaniuliza. Nilipoisoma barua yako nilivunja sahani mbili za Janet, moja kwa bahati mbaya. Kisha nikakuchukia siku kumi na moja kwa utaratibu mzuri, asubuhi baada ya kahawa na jioni baada ya taarifa ya habari. Nilikuchukia kwa ajili ya sauna. Nilikuchukia kwa ajili ya ile paipu mpya iliyobaki nyuma ya gari. Ningeweza kuendelea, nilikuwa nimeshaizoea kazi. Lakini kila nikifika kwenye Viola aliyekaa kiti cha mbele na pochi yake, nakuta tulimkalisha pale wote wawili, na funguo zilitoka kwangu.

Na ukweli mwingine nikuambie. Miaka miwili nilidhani Wilbert alikufa na aibu yake mwenyewe, akijilaumu mlima mzima. Sasa najua alitaka kuweka paipu mpya. Alikuwa amekuja nayo. Umeninyang'anya siri na umenirudishia mume aliyekuwa na akili. Sijui nikushukuru au nikupige na mwiko.

Kama nimekusamehe sijui. Nikijua utakuwa wa kwanza kuambiwa, na kama ni hapana utaambiwa kwa sauti kubwa.

Nafika uwanja wa ndege wa Hancock Jumamosi, tarehe kumi na nne Aprili, saa tisa alasiri. Hulda amejitolea kuja kunipokea, nimemwambia nataka kufika mwaka huu huu. Njoo wewe na pikapu. Jumapili baada ya ibada tutateremka mlima wa Heikki, wewe kwenye usukani, Viola katikati, mimi dirishani. Usiende polepole kwa ajili yangu. Teremka mwendo aliokuwa akiteremka yeye, na tukifika kwenye kona, simamisha gari. Nataka kushuka pale.

Shemeji yako,
Elma